Gari inachemsha kwenye foleni na themostati imeshatolewa

SWALI: Habari fundi. Nina Corolla 110, injini 5A, na siiuzi kwa sababu bima ndogo nalipa 118,000 tu kwa mwaka. Shida ikikaa foleni inachemsha, nikipata barabara mshale unashuka. Fundi wa mtaani kaitoa themostati, ile valvu inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto, anasema ni ya nchi za baridi, lakini bado tu. Ninunue rejeta mpya, ile ya mbele inayopoza maji ya injini?

JIBU: Kaka acha rejeta kwanza. Gari inayochemsha imesimama na kupoa ikitembea, anza na feni. Weka swichi on, chomoa soketi ya swichi ya joto, ile inayoamuru feni iwake maji yakipata moto, feni ikizunguka basi mota na relei (swichi ya umeme inayoipelekea mota moto) ni wazima, badilisha hiyo swichi. Isipozunguka rudi kwenye fyuzi, relei, halafu mota. Na usikubali mtu akuungie feni direct, yaani bila kupitia hiyo swichi.

Sasa hii ya "themostati ni ya Ulaya" imenichosha jamani, kila wiki naletewa gari imetolewa. Kwenye hiyo 5A themostati ina valvu ya chini inayoziba njia ya pembeni injini ikipata moto, ukiitoa ile njia inabaki wazi muda wote, maji mengine yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, yaani umepunguza upoaji halafu unashangaa inachemsha. Manyuali ya Toyota yenyewe imeandika usiitoe hata kama injini inachemsha. Fundi aliyekutolea hajaisoma na hana mpango wa kuisoma.

Ndo hao hao wanamwaga binzari kwenye rejeta kuziba tundu, inaziba kweli, na vinjia vya rejeta navyo vinaziba, wiki mbili mbele wanakwambia gari imezeeka. Haijazeeka, imechoshwa na watu. Mtu anaendesha hivyo hivyo mpaka gasketi inakata, silinda hedi inapinda, oili inachanganyika na maji inageuka kama chai ya maziwa, ndo anakumbuka ana bima. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, wewe haikuhusu, na hata ungekuwa na bima kubwa injini iliyoungua kwa kuchemsha hawakulipi. Kwa hiyo ile 118,000 msiihesabu kama unafuu wa gari, kinachokula hela ni matengenezo, na matengenezo ya ujanja ujanja yanakula mara mbili.

Rudisha themostati ya nyuzi 82, weka kulanti, ile dawa ya kupozea injini, sio maji ya kisima yenye chumvi, na mfuniko wa rejeta usiuguse ikiwa ya moto.