Matete yakikuzidi kimo, usishangae maziwa kushuka

Mkuu, umesema matete yako (majani ya tembo ya kulishia ng'ombe) yamekuzidi kimo, hori halikauki majani, na bado maziwa yanashuka kila wiki, unauliza tatizo nini. Tatizo ni hapo hapo kwenye kimo.

Mi nimelifanya kosa hilo karibu mwaka mzima. Nayaacha yanafika mita 2 na ushee, nikikata napata mzigo wa maana naona nimeula, kumbe asubuhi nikienda bandani nakuta majani yote yamenyofolewa yamebaki mabua, magumu kama fimbo, ng'ombe kayasukuma pembeni na pua. Siku moja nikayazoa nikayapima, aisee, karibu theluthi ya mzigo wa jana yake. Yaani nakata, nabeba, nakatakata, halafu naenda kumwaga kwenye shimo la mbolea!

Iko hivi, protini ya matete kwa sehemu kubwa iko kwenye jani, sio kwenye bua. Yakiwa machanga jani ndo jingi, yakizeeka bua linarefuka na kujaa lignini, ile ile inayoufanya mti uwe mgumu, na vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe haviiwezi. Protini ikishuka chini ya kama 7% hata hivyo vijidudu vyenyewe vinakosa chakula, usagaji unazorota, tumbo linakaa limejaa muda mrefu, mnyama analala anacheua tu na wala harudi horini. Ukimwangalia utasema kashiba, na kweli kashiba, ila anayekamuliwa anahitaji karibu mara mbili ya hiyo protini sasa maziwa yatoke wapi?

Ila usikimbilie upande wa pili, maana na mimi nilikimbilia. Nikawa nakata yakifika magotini, laini kweli kweli, ng'ombe anayafakamia balaa. Majani machanga hivyo ni maji zaidi ya 80%, anajaza tumbo maji na kinyesi kinakuwa uji. Halafu shina halijapata muda wa kurudisha akiba kwenye mizizi, ukilikata kata mfululizo linachipua vijiti vyembamba, mengine yakanifia kabisa, magugu yakaingia.

Siku hizi naangalia kimo kuliko kalenda. Yakifika kama mita 1 nakata, mvua ikiwepo ni wiki 6 mpaka 8, kiangazi yanachelewa na nayaacha yachelewe. Ukiwa na wasiwasi bana bua kwa kucha karibu na chini, kucha ikizama fresh, ikiteleza ushachelewa. Nabakiza kisiki chenye kimo cha upana wa kiganja. Kama ndo umepanda juzi juzi, mkato wa kwanza subiri miezi 3 au 4 mizizi ishike.

Najua utaniambia ukisubiri unapata tani nyingi zaidi, ni kweli, uzito unaongezeka, lakini kinachoongezeka mwishoni ni bua. Kwa hei (majani ya kukausha) ya nyasi za rodesi ni hadithi ile ile, kata maua yanapoanza kutoka, ukingoja mbegu zikomae umebakiwa na mabua makavu tu.

Kinachowaangusha wengi ni mvua, yote yanakua kwa pamoja na ng'ombe ni mmoja. Gawa shamba vipande 7, kila wiki kimoja, kikikuzidi kasi kata hivyo hivyo ushindilie sileji (majani mabichi yaliyofungiwa yasipate hewa ili yakae), usikiache kimesimama eti ni akiba.

Hayo ya mita 2 uliyonayo sasa kata yote, usiyahurumie. Chagua ncha zenye majani mpe ng'ombe, changanya na lukina au desmodiamu (malisho ya jamii ya kunde) kama unayo, mabua tandaza shambani yazuie magugu, weka samadi kwenye visiki, halafu anza kuhesabu wiki upya.