Kivumishi "replete": je, kinaweza kushika nafasi ya "full" popote?

Swali: Nimesoma katika ripoti ya Kiingereza sentensi "The text is replete with errors". Kamusi yangu inaeleza "replete" kwa neno "full" pekee. Je, ni sahihi kuandika "The bottle is replete of water"? Na tukitafsiri, tusemeje kwa Kiswahili?

Jibu: Kamusi yako haijakosea, ila imeishia njiani. "Full" huweza kueleza chombo kilichofikia ukomo wa ujazo wake, ilhali "replete" husisitiza wingi wa kile kilichomo, hivi kwamba andiko lenye makosa mawili matatu halistahili kivumishi hicho, na chupa, hata ikijaa pomoni, haikihitaji. Aidha, ni neno la maandishi rasmi. Katika mazungumzo ya kawaida husikika kama la kujikweza. Kihusishi chake ni "with", si "of", na kwa kawaida hufuata nomino au kitenzi badala ya kutangulia nomino. Kwa sentensi uliyoisoma, ningeandika "Andiko limesheheni makosa".

Neno hili limetokana na kitenzi cha Kilatini "replere", yaani kujaza, ambacho mzizi wake umo pia katika "complete" na "deplete". Huenda undugu huo ndio unaowafanya baadhi ya waandishi waseme nyumba ni "replete with a garage", wakikusudia kwamba gereji imo. Mimi nashauri kwa dhati matumizi hayo yaepukwe, kwa sababu gereji moja haileti wingi wowote; hapo panafaa "complete with".

Likisimama peke yake, kama katika "I feel replete", maana yake ni kushiba. Ndiyo maana wataalamu wa wadudu huwaita "repletes" wale sisimizi vibarua ambao matumbo yao huvimba kwa kuhifadhi chakula cha kimiminika cha kundi zima.

Mfasiri wa matini za tiba awe mwangalifu zaidi. Katika "iron-replete patients" neno hutangulia nomino likiwa ndani ya kivumishi ambatani, na halidokezi ziada yoyote: ni wagonjwa wenye akiba ya kutosha ya madini ya chuma, kinyume cha waliopungukiwa. Ukiandika "wagonjwa waliojaa chuma", daktari anaweza kudhani kwamba madini hayo yamezidi mwilini, hali ambayo nayo ni ugonjwa.