Umepewa unahodha, wakubwa wanakununia

Mdogo wangu wa Nyegezi, umeuliza ufanyeje, maana kocha kakupa unahodha wa raga na kaka zako wawili wa safu ya mbele, wachezaji waliokuzidi umri, hawakusikilizi. Kwanza acha kufoka. Mimi nilifoka msimu mzima pale Kirumba, nikaambulia koo kukauka tu.

Mtazame Siya Kolisi, mtoto wa Zwide, Afrika Kusini. Alipewa unahodha wa timu ya taifa ya raga 2018, akabeba Kombe la Dunia 2019 na 2023. Fainali ile ya 2023 alikula kadi ya njano, akakaa nje dakika 10 nzima. Timu haikuyumba, ikashinda 12–11, kwa sababu uwanjani walibaki wengine waliozoea kuamua.

Hao kaka zako wape kazi. Mmoja asimamie skramu, pale wa mbele wa timu zote mbili wanaposukumana kugombea mpira, mwingine mipira ya kurusha kutoka pembeni. Mkipata penalti, waulize kabla hujaamua, kisha uamue wewe.

Kuongea na refa ni kazi yako wewe peke yako. Subiri mchezo usimame, mfuate taratibu, mikono nyuma: “Refa, naomba nielewe kosa letu.” Akikujibu, rudi ukawaambie wenzako maneno yaleyale, usiongeze chumvi.

Na mazoezini wahi wewe, upange koni kabla jua la ziwani halijachoma.