Maswali na Majibu: Programu ya Torenti kwa Seva Isiyo na Skrini

SWALI: Ndugu Mhariri, ninayo kompyuta ndogo niliyoigeuza kuwa seva ya nyumbani. Haina skrini wala kibodi, na kazi zote nazifanya kwa SSH (njia salama ya kuiamuru kompyuta nyingine kupitia mtandao) kutoka kwenye kompyuta yangu ya mkononi. Ina RAM ya GB 1, diski ya nje, na mfumo wa Debian, ambao ni aina ya Linux. Nataka ipakue faili za kusakinishia Linux kwa njia ya torenti (watumiaji wakigawiana vipande vya faili moja kwa moja), kisha iendelee kuwagawia wengine usiku na mchana. Nimesoma kuhusu Transmission, qBittorrent, Deluge na rTorrent. Nichague ipi? Nilikwisha kujaribu Transmission, lakini kila nikihariri mipangilio na kuiwasha upya, mabadiliko yangu yanapotea. Je, ina hitilafu?

JIBU: Nitaanza na swali lako la mwisho, maana naona ndilo lililokufanya uitilie shaka programu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayokufaa. Haina hitilafu. Huduma inayoitwa transmission-daemon husoma faili ya settings.json inapowaka, huiweka mipangilio hiyo katika kumbukumbu yake, na inapozimwa huiandika tena faili nzima kutoka kwenye kumbukumbu hiyo. Ukihariri faili wakati huduma inafanya kazi, kisha ukatoa amri ya kuiwasha upya, jambo la kwanza litakalotokea ni kuzimwa, na katika kuzimwa huko itaandika mipangilio ya zamani juu ya yale uliyoyaandika wewe. Basi izime kwanza kwa amri ya systemctl stop transmission-daemon, hariri, halafu iwashe. Ukishahifadhi kwa utaratibu huo, utaona hata nenosiri uliloliandika waziwazi kwenye mstari wa rpc-password limegeuzwa kuwa mfuatano wa herufi usiosomeka. Hiyo ndiyo dalili kwamba faili yako imepokelewa. Na ukikuta umask (namba inayoamua ruhusa zitakazoondolewa kwa faili mpya) imeandikwa 18 katika matoleo yaliyotangulia 4.0, usiisahihishe kwa haraka: JSON, muundo ulioandikiwa faili hiyo, haina namba za mfumo wa nane, na 18 ya kawaida ndiyo 022 uliyoizoea.

Sasa tuje kwenye uchaguzi. Programu ya seva ya namna hii yafaa ipimwe kwa mambo yanayotokea wakati wewe haupo: iwake yenyewe umeme ukirudi, iendelee pale ilipoachia, na ikubali kuongozwa kutoka mbali bila kuhitaji dirisha lolote. Transmission inatimiza hayo yote kwa kutumia kumbukumbu kidogo, na kwa mashine ya GB 1 hilo ni jambo zito. Unaiongoza kwa kivinjari kupitia poti (mlango wa mtandao) 9091, au kwa amri ya transmission-remote ukiwa ndani ya SSH. Kwa kuwa orodha yako ni ya faili za Linux, ambazo kwa kawaida huwa chache na kubwa, sioni kitu utakachokikosa.

Ikiwa baadaye torenti zako zitafika mamia, na ukahitaji kuzipanga kwa makundi au kuzifuatilia kwa RSS (orodha ya mambo mapya ambayo tovuti huitoa ili programu iisome yenyewe), hamia qbittorrent-nox. Herufi nox zina maana kwamba haihitaji mfumo wa madirisha wa X, na kurasa zake za kivinjari, kwenye poti 8080, zimekamilika kuliko za Transmission. Jihadhari na jambo moja: tangu toleo la 4.6.1 haina tena nenosiri la kudumu linalojulikana na kila mtu, bali hutunga la muda kila inapowaka mpaka utakapoweka lako. Nenosiri hilo huliandika kwenye taarifa za matukio ya huduma (logi), kwa hiyo litafute kwa amri ya kuzisoma, journalctl.

Deluge nayo ni nzuri kwa anayependa kuunganisha programu ya mezani na huduma iliyoko kwenye seva, ila pande zote mbili lazima zipatane: programu ya toleo la 2 haiwezi kuzungumza na huduma ya 1.3. Kuhusu rTorrent, naiheshimu sana, lakini ni ya mtu anayefurahia kuandika faili ya mipangilio kwa mkono, na wengi huiendesha ndani ya tmux, programu inayoacha kazi ziendelee hata ukiondoka, ili isife SSH ikikatika.

Yoyote utakayoichagua, tafadhali usiifungulie poti ya kurasa zake kwenye ruta yako. Poti inayostahili kufunguliwa ni ile ya kupokelea wenzako wa torenti peke yake, ambayo kwa Transmission ni 51413 usipoibadilisha. Kurasa za usimamizi zifikie kwa ssh -L 9091:localhost:9091, ukifuatiwa na jina la seva yako; hapo utafungua localhost:9091 kwenye kompyuta yako, na Transmission itakuona kama uliye ndani ya mashine yenyewe, kwa hiyo hata rpc-whitelist, orodha ya anwani zinazoruhusiwa kuiongoza, haitakusumbua.

Limebaki la diski ya nje, ambalo hukuliuliza lakini ndilo linaloweza kukuumiza. Diski ikichelewa kuunganishwa mashine inapowaka, huduma inaweza kulikuta folda likiwa tupu na kuanza kupakua upya juu ya diski ya mfumo mpaka ijae. Kwa hiyo, toa amri ya systemctl edit transmission-daemon, na chini ya [Unit] andika RequiresMountsFor= ikifuatiwa na njia ya folda la diski. Kwenye fstab, faili inayoorodhesha diski za kuunganishwa mashine inapowaka, ongeza nofail kwa diski hiyo, kwani bila neno hilo diski ikikosekana mashine itasimama katika hali ya dharura kabla SSH haijawaka, nawe huna skrini ya kuiona. Pia hakikisha folda linamilikiwa na mtumiaji debian-transmission, ambaye ndiye anayeendesha huduma. Baada ya hapo zima seva, chomoa diski, iwashe tena, uingie kwa SSH. Ukikuta umeingia bila shida lakini huduma ya torenti imekataa kuwaka, ndivyo inavyotakiwa; rudisha diski yako na uiache ifanye kazi.