"Valour" au "bravery": lipi liende kwenye cheti?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nakuandikia kutoka Mafinga. Tunaandaa cheti cha Kiingereza cha kumpongeza kijana wetu aliyeingia kwenye moto wa shamba la mipaini akamtoa mwenzake. Mjumbe mmoja ameandika "for his valour". Kamusi inasema ni ushujaa. Tuliache?

JIBU: Marahaba. Kamusi haijakosea, ila neno hilo limezoea vita. Limetoka kwenye Kilatini, "valere", kuwa na nguvu, likapitia Kifaransa cha kale, na Waingereza wamelitumia zaidi kwa askari. Nishani yao ya juu kabisa ya kijeshi, Victoria Cross, iliyoanzishwa mwaka 1856, imeandikwa upande wa mbele maneno mawili tu: "For Valour". Awali ilipendekezwa "For the Brave", kwa walio jasiri. Malkia Victoria hakuyapenda maneno hayo, kwa sababu yangefanya askari asiyeipata aonekane si jasiri. Nishani hiyo ina historia hata huku kwetu: Sajini Frederick Booth aliipata kwa kumwokoa majeruhi huku risasi zikirindima, karibu na Songea, Februari 1917.

Kwa hiyo ukiandika juu ya Wahehe wa Mkwawa walivyowashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, "the valour of Mkwawa's warriors" inakaa vizuri sana. Kwa moto wa shambani neno hilo ni zito mno, tena lina harufu ya zamani.

Andikeni "bravery". Hilo hulenga tendo la kukabili hatari, iwe vitani, barabarani au msituni, na kila msomaji wa Kiingereza analielewa papo hapo. Kuna pia "courage", ambalo asili yake ni neno la Kilatini la moyo, na bado linaelekea huko: mama anayevumilia matibabu ya miezi mingi bila kukata tamaa, mtumishi anayesema ukweli huku akijua atachukiwa, hao wana "courage". Kwa kijana wenu si kosa, lakini yeye alitenda jambo na watu wakaliona, na "bravery" inalitaja tendo lenyewe.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi kwenye vyeti ni "for his brave". "Brave" ni kivumishi, haliwezi kusimama peke yake hapo. Na mkilihitaji "valour" siku nyingine, halina wingi, na Wamarekani huliandika "valor". Kivumishi chake, "valorous", hakina "u" ya kwanza hata kwa Waingereza, na hakitumiki sana. Wengi husema "valiant".

Sentensi yenu iwe hivi: "For bravery in rescuing a fellow worker from a forest fire." Juu yake liandikwe jina la kijana, kamili na kwa herufi kubwa, na chini yake tarehe ya moto, si ya sherehe.