Ukipasuliwa mgongo, usijifanye shujaa wodini

Nilipozinduka kutoka theta, yaani chumba cha upasuaji, kabla hata sijauliza ni saa ngapi, nilijaribu kuchezesha kidole gumba cha mguu wa kushoto. Kikacheza. Kwa miezi mitano kilikuwa kimelala kama cha mtu mwingine. Nililia, na sista akadhani ni maumivu.

Mimi nauza nafaka soko la Kibuye, Kisumu. Gunia la mahindi lina kilo 90, na kila nilipokosa mbebaji nilijitwika mwenyewe. Diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno ikachomoza na kubana neva, maumivu yakawa yanashuka kutoka takoni hadi wayoni kama nimeguswa na waya wa stima. Vidonge, sindano na kukandwa vyote vilishindwa, ndipo daktari akaondoa kile kipande kilichobana. Operesheni yenyewe sina la kusimulia, nilikuwa usingizini. Nataka kusema juu ya siku zilizofuata, maana hapo ndipo nilipofanya ujinga.

Jioni ile sista aliniuliza: kutoka sifuri hadi kumi, maumivu yako ni ngapi? Nikajibu tatu. Yalikuwa nane. Lakini wodi ilikuwa imejaa wanaume walionyamaza, na mimi nimelelewa nikijua kwamba mwanamume halalamiki. Nikauma shuka usiku kucha. Asubuhi mtaalamu wa mazoezi ya viungo, tuliyemwita fizio, alikuja kunisimamisha akanikuta siwezi hata kugeuka. Akaenda kwa wengine, siku yangu ikapotea.

Sista wa mchana, mama wa makamo, alipoisoma ile tatu kwenye faili alinitazama akasema, "Baba, ukinipa namba ya uongo, nitakupa dawa ya hiyo namba ya uongo."

Hapo nilielewa. Dawa ya maumivu si ya kukubembeleza. Unapewa ili uweze kuvuta pumzi ndefu, ukohoe, uinuke na kutembea. Mgonjwa anayelala tu damu inaweza kumganda miguuni, na kifua nacho kikajaa makohozi. Kwa hiyo sema ukweli, na uombe mapema, maumivu yakiwa bado yanapanda. Mimi nilianza kuuliza fizio atafika saa ngapi, kisha namkumbusha sista dawa kama nusu saa kabla.

Kuinuka kwenyewe kuna ufundi. Usijikunje kama mtu anayeamka kwenda shambani. Kunja magoti, geuka ubavu mzima mzima kama gogo, mabega na nyonga vikienda pamoja. Shusha miguu nje ya kitanda huku mkono ukisukuma godoro. Keti kidogo kichwa kitulie, ndipo usimame. Safari yangu ya kwanza ilikuwa hadi dirishani, hatua tisa, na jasho lilinitoka kama nimepakua lori.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni choo kigumu. Zile dawa kali za maumivu hufunga tumbo, na kujikamua ukiwa na kidonda mgongoni ni mateso. Siku ya nne nikamwambia sista kwa aibu, akacheka, akaniletea dawa ya kulainisha. Mke wangu naye akabadilisha chakula alichokuwa akileta: papai, sukuma wiki, maji mengi. Usingoje siku ya nne kama mimi.

Kuna jambo moja lisilongoja kabisa, wodini au nyumbani. Ukihisi ganzi kati ya mapaja, kwenye sehemu za siri, mkojo ukakataa kutoka au ukatoka bila wewe kujua, au miguu ikaanza kulegea, piga kelele saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Homa na usaha kwenye kidonda pia usivifiche.

Wageni sasa. Nawapenda watu wangu, lakini walikuja kumi na wawili kwa mpigo, watatu wakaketi ukingoni mwa kitanda, na kila godoro lilipotikisika niliona nyota. Kisha mjomba mmoja akaanza kusimulia jamaa wa kijijini kwao aliyepasuliwa mgongo asisimame tena. Mke wangu alimtoa nje kwa heshima zote, akisema daktari anakuja. Mteue mtu wako wa kufanya kazi hiyo. Mgonjwa mwenyewe hawezi.

Na uanze kupanga kurudi nyumbani ungali kitandani. Kwetu ni Vihiga, na choo chetu ni cha shimo. Nilikuwa nimekatazwa kuinama, kujipinda na kubeba vitu vizito kwa wiki sita. Sasa ningechutama vipi? Mke wangu alimpigia fundi wa mbao simu, akatengeneza kiti chenye tundu katikati na mikono ya kushikilia. Kitanda, kwa kuwa kilikuwa chini mno, tuliwekea matofali chini ya miguu yake. Siku ya kuruhusiwa ilipofika, karatasi za SHA, bima ya afya ya serikali, zilichukua hadi jioni, kwa hiyo usiite gari asubuhi. Nililaza kiti cha mbele, nikamsihi dereva aende polepole kwenye matuta, na tulipofika Kiboswa nikashuka kunyoosha miguu. Dereva alinuna. Nilimwacha anune.

Sasa nimerudi Kibuye. Magunia nayahesabu tu, vijana wanabeba. Kile kiti cha choo kiko Chavakali kwa mama mmoja aliyevunjika nyonga. Fundi amekiongezea miguu kidogo, kwa kuwa huyo mama ni mrefu kunishinda.