Kabla ya mashine ya kujazia viungo, nunua mizani

Swali ninaloulizwa sana WhatsApp huja na picha ya mashine inayong'aa: "Dada, hii ya kujazia unga vipi, niichukue?" Nami humjibu anayeuliza kwa swali: sasa hivi unapimia mizani gani? Wengi hunyamaza hapo, au hunitumia picha ya mizani ya jikoni iliyojaa unga wa chapati.

Napaki viungo hapa Tabata, Dar es Salaam. Pilau masala, manjano, pilipili manga, mdalasini wa unga na iliki nzima, kwa pakiti za gramu 10, 50 na 100. Mashine ninayo, na ninaipenda. Ila mashine hutupa tu unga mfukoni. Anayejua kama ulichotupa ni gramu 50 au 46 ni mizani, na ukiwa na mizani mbovu, mashine ya bei mbaya itakusaidia kukosea haraka zaidi.

Ukishika mizani dukani, tafuta namba mbili ubavuni au chini yake: uzito wa juu inaoweza kubeba, na hatua ndogo kabisa inayoweza kusoma. Ile ya jikoni mara nyingi hubeba kilo 5 na husoma gramu moja moja. Kwa kilo ya mchele haina neno. Kwa iliki ya gramu 10, gramu moja ni asilimia 10 ya mali yako, na iliki si kitu cha kumwaga. Upande wa pili kuna mizani ndogo ya mfukoni, kama ya masonara, inayobeba gramu 200 na kusoma hadi gramu 0.01. Watu huipenda kwa zile desimali. Ukiiwekea bakuli la chuma, karibu uwezo wote umeishia kwenye bakuli, na namba yake haitulii hata mtu akipita karibu.

Kwa kazi ya pakiti za gramu 50 na 100 mimi nasema chukua ya kati: inayobeba kilo 1 hadi 3 na kusoma hadi gramu 0.1. Ile ndogo iwe ya pili, kwa ajili ya iliki na karafuu tu. Na usidanganyike kwamba namba nyingi baada ya nukta ndiyo ukweli. Kioo kinaweza kuandika 50.00 huku mfuko una 49.6. Kusoma kwa hatua ndogo ni jambo moja, kusoma sawasawa ni jambo lingine, na muuzaji hukutajia la kwanza peke yake.

La pili unaligundua kwa jiwe la mizani. Nunua jiwe la gramu 200 la daraja la usahihi liitwalo M1. Kosa linaloruhusiwa kwa jiwe hilo ni miligramu 10 tu, kiasi ambacho mizani ya gramu 0.1 haitakiona kabisa. Litunze kwenye kiboksi chake, lishike kwa kitambaa, lisiguswe na mikono yenye mafuta ya karafuu. Kila asubuhi kabla ya kupaki, jiwe linapanda mizani. Likisoma vingine, rekebisha kwa kufuata maelekezo ya mizani yenyewe, kisha ndiyo uanze kazi.

Kuna sababu ya ziada ya kufanya hivyo ukiwa Dar, nayo wauzaji hawaisemi. Mizani hizi za dijitali hupima msukumo wa kitu kwenye kipande cha chuma ndani yake, na msukumo huo hutegemea mvutano wa dunia. Mvutano hupungua kidogo kadiri unavyoikaribia ikweta. Mizani iliyorekebishwa kiwandani kusini mwa China, ikiletwa huku kwetu bila kurekebishwa tena, itasoma pungufu kwa takriban asilimia 0.07. Kwenye gramu 200 hiyo ni zaidi ya gramu 0.1. Kwa mizani ya jikoni hutaona kitu. Kwa ile ya masonara utaona, na utadhani umeuziwa feki.

Dukani fanya majaribio yafuatayo bila haya. Weka kitu katikati ya sahani, kisha kisogeze kwenye kona zote nne, namba isibadilike. Kiondoe, irudi sifuri. Kirudishe, isome kama mwanzo. Halafu fanya jaribio ninalolithamini kuliko yote: sahani ikiwa na bakuli tupu na mizani ikisoma sifuri, dondoshea unga kwa ncha ya kijiko, kidogo kidogo sana, kama anayetia chumvi kwenye mchuzi wa mgonjwa. Mizani nyingi za bei rahisi hazitasogea. Zimetengenezwa kujirudisha sifuri zenyewe kila zinapohisi mabadiliko madogo ya polepole, kwa kudhani ni joto au upepo. Kwa hiyo zinaumeza unga wako kimyakimya. Unaweza kutia karibu gramu nzima huku kioo kikikuangalia na sifuri yake.

Jambo hili hutokea pia katikati ya kupaki, pale unapomalizia pakiti kwa punje za mwisho na namba inagoma kupanda. Dawa yake ni nyepesi: nyanyua pakiti, ngoja namba itulie, irudishe. Mizani italazimika kupima upya uzito wote. Msichana anayenisaidia kazi sasa hunyanyua kila pakiti mara moja kabla ya kuiziba, hata bila kukumbushwa, na malalamiko ya "pakiti hii nyepesi" yamepungua sana.

Pangaboi lizimwe wakati wa kupima. Najua joto la Dar mwezi wa pili, lakini upepo wa pangaboi hupeperusha pilipili machoni na huichezesha sahani kwa wakati mmoja. Washa mizani kama nusu saa kabla ya kazi ili ichangamke, iweke juu ya meza isiyotikisika, mbali na jiko na dirisha. Betri ikianza kulegea, namba nazo hulegea. Badilisha.

Upande wa sheria nitasema kwa ufupi. Mizani inayotumika katika biashara inatakiwa ihakikiwe na Wakala wa Vipimo na iwe na stika yao, na uhakiki ni wa kila mwaka. Uzito halisi uandikwe kwenye pakiti, bila uzito wa mfuko. Mizani nyingi ndogo za jikoni na za mfukoni zimeandikwa kabisa na mtengenezaji kwamba hazifai kwa biashara, kwa hiyo waulize Wakala kabla hujalipa, siyo baada. Watu hupenda kuniambia kuwa upungufu kidogo unavumilika. Ni kweli kwamba pendekezo la OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, lile R 87, linataja upungufu wa asilimia 9 kwa pakiti ya gramu 50, yaani gramu 4.5. Wanachosahau ni nusu ya pili: wastani wa mzigo mzima usiwe chini ya kilichoandikwa. Huwezi kupunja kila pakiti gramu 3 ukajificha humo.

Kuzidisha nako kunauma. Ukizidisha gramu 2 kwenye kila pakiti ya 50, pakiti 1,000 zimekula kilo 2 ambazo hukulipwa. Kwa manjano utasema sadaka. Kwa iliki utalia.

Sasa mashine. Zile ndogo za mezani ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza hutetemeka, ikisukuma bidhaa kwenye mfereji hadi kwenye mizani yake ya ndani, na hujifunga uzito ukifika. Hiyo ni nzuri kwa vitu vinavyotiririka: pilipili manga nzima, iliki, majani ya chai, dengu. Ukiitilia manjano laini au mdalasini wa unga, hujishika, hujenga daraja ndani ya pipa la juu, halafu hudondoka donge zima kwa mara moja. Ya pili ina skrubu inayozunguka na kusukuma unga chini. Hiyo ndiyo ya unga laini, lakini nyingi hupima kwa ujazo: mizunguko kadhaa, basi. Unga ukiwa umeshindiliwa, mizunguko ileile hutoa uzito mwingine. Na masika yakiingia, unyevu wa Dar huubadilisha unga wa asubuhi na wa jioni, seuze wa mwezi uliopita. Kijiko cha kupimia kina ugonjwa huohuo, ingawa angalau kijiko hakihitaji umeme.

Hata ile yenye mizani ndani hupitiliza, kwa sababu inapojifunga bado kuna unga ulio hewani unaoelekea mfukoni. Ndiyo maana siiachii imalize. Naiagiza itupe gramu 48, pakiti inahamia kwenye mizani yangu, na mbili zilizobaki natia kwa kijiko. Mtu mmoja kwenye mashine, mwingine kwenye mizani, kazi inakwenda vizuri. Kwa anayeanza na pakiti chache kwa siku, kijiko na mizani nzuri vinatosha. Hela ya mashine anunulie mzigo.

Ukifika wakati wa kuinunua, angalia umeme wake uwe wa volti 230, maana huja nyingine za 110. Sehemu zinazogusa viungo ziwe za chuma kisichoshika kutu na zifunguke bila fundi, la sivyo mdalasini wako utanukia pilipili wiki nzima. Uliza spea ziko wapi hapahapa mjini.

Na usikubali majaribio ya muuzaji. Kariakoo au kwenye mabanda ya Sabasaba watakuonyesha kwa mchele, na mchele unatiririka kwenye mashine yoyote. Nenda na nusu kilo ya manjano yako, mizani yako kwenye mkoba na jiwe lake. Mwombe ajaze pakiti kumi mfululizo, uzipime moja moja mbele yake. Akikasirika, duka la pili liko jirani.